Damu Haijui Pigo la Pili na la Nne

Kila anapoletwa kwangu mwimbaji wa jazi mwenye wazazi wa mataifa mawili, hakosi mtu wa kuninong'oneza: "Huyu usihangaike naye mwalimu, lugha ziko kwenye damu." Nimechoka kulijibu hili mmoja mmoja.

Anayetajwa kama ushahidi siku hizi ni Cécile McLorin Salvant, mwimbaji wa jazi wa Marekani, aliyezaliwa Miami mwaka 1989, baba Mhaiti, mama Mfaransa. Wanaomtaja huruka sehemu ya katikati: piano tangu akiwa na miaka mitano, kisha Aix-en-Provence, Ufaransa, alikosomea uimbaji wa klasiki na wa baroki (muziki wa Ulaya wa karne ya 17 na 18) na kumpata mwalimu wa jazi. Ndipo akashinda shindano la kimataifa la jazi la Thelonious Monk mwaka 2010. Albamu yake ya 2023, Mélusine, ina Kifaransa, Kiingereza, Kikrioli cha Haiti na Kioksitani, lugha ya kale ya kusini mwa Ufaransa. Hiyo ni kazi, si urithi.

Lugha ya nyumbani hukupa matamshi, mdundo hutafutwa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na karibu kila silabi ina irabu ya kuimbika. Kifaransa husukuma mkazo mwisho wa kirai. Kiingereza humeza irabu zisizo na mkazo. Hamisha mstari uleule kutoka lugha moja hadi nyingine, mkazo unaangukia pigo lisilo lake na swingi, ule mwendo wa kuyumba wa jazi, inakufa. Tena wanaonisumbua zaidi ni hao waliokulia na lugha mbili, maana wanadhani wameshafika.

Dawa yangu haibadiliki: wiki nzima huimbi. Unasoma mashairi kwa sauti ya mazungumzo, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) taratibu, makofi kwenye pigo la pili na la nne kati ya kila mapigo manne, ndiyo yanayobeba jazi. Wanaichukia. Waichukie tu.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema usiguse lugha usiyoizungumza. Mwimbaji wa Marekani Nat King Cole alitoa albamu ya Kihispania mwaka 1958 bila kukizungumza. Lafudhi ilisikika, na watu walinunua. Ila maana ya kila neno uijue, la sivyo utavuta pumzi katikati ya wazo.

Eti lugha nyingi huwachanganya mashabiki? Miriam Makeba wa Afrika Kusini, baba Mxhosa na mama Mswazi, aliimba Kixhosa, Kizulu, Kiswahili na Kiingereza, na dunia ikamfuata.

Skati, yaani kuimba silabi zisizo na maana badala ya maneno, nayo si kubabaisha ukisahau mashairi. Silabi zile hufuata hamonia ya wimbo, yaani mpangilio wa sauti zinazoulizana na kujibizana chini yake. Ukipotea, mpiga besi ndiye wa kwanza kukutazama.

Na hili la mwisho lina gharama: "Nikiutafsiri wimbo, unakuwa wangu." Hauwi. Kama wimbo bado una hakimiliki, tafsiri yake inahitaji ruhusa ya mwenye nayo, na mgao wa mirabaha huandikwa kwenye makubaliano hayo hayo. Iombe kabla ya kulipia studio.