Mstari wa kwanza kwenye kadi ya kliniki

Mtoto akifika kliniki ya moyo, kuna swali ambalo wazazi wengi hawalitarajii: "Alizaliwa na kilo ngapi?" Mama hufikiri kidogo. "Kilo moja na pointi tisa, daktari. Lakini sasa si unamwona mwenyewe?" Kweli, kijana wa miaka 7 kaketi pale, mashavu yamejaa, soda mkononi. Kwa mama, habari ya uzito iliisha siku alipomfungua kifuani baada ya majuma ya kangaruu, yaani kumbeba ngozi kwa ngozi. Kwetu sisi ndiyo kwanza inaanza.

Anayezaliwa chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, awe njiti au awe ametimiza miezi yake ila hakukua vizuri tumboni. Sizungumzii hapa matundu ya moyo ya kuzaliwa nayo. Hayo ni mengine. Nazungumzia presha na ugonjwa wa mishipa ya moyo unaokuja ukubwani, polepole.

Uhusiano huu wa uzito wa kuzaliwa na moyo wa ukubwani ulifichuliwa na madaftari ya wakunga. Huko Hertfordshire, Uingereza, kuanzia 1911 watoto walipimwa wakizaliwa, wakapimwa tena wakitimiza mwaka, na kila kitu kikaandikwa. Miongo ikapita. David Barker na wenzake wa Southampton wakayafukua madaftari hayo na kuwafuatilia wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930. Mwaka 1989 wakatoa majibu: waliokuwa wepesi zaidi utotoni ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Wengi waliguna. Walizoea kulaumu sigara na mafuta, si mizani ya mkunga.

Inakuwaje? Tazama figo. Kondo la nyuma lisipopitisha chakula na hewa ya kutosha, mwili wa kichanga hubana matumizi: ubongo hutangulizwa, figo husubiri. Vichujio vya figo hujengwa tumboni, na kazi hiyo hukamilika karibu na wiki ya 36. Aliyetimiza miezi akazaliwa navyo vichache, havitaongezeka tena. Vichache hivyo vinabeba mzigo wa vingi, presha inapanda kidogo kidogo, moyo nao unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Si kila aliyezaliwa mdogo atafika huko, wengi hawafiki. Ila anaanza safari na akiba ndogo.

Hapo ndipo soda ya yule kijana inaponitia wasiwasi. Kichanga mdogo lazima akue, tena maziwa ya mama yasikatizwe, na mstari wake kwenye kadi ufuatwe kila mwezi. Shida huja baadaye, familia inapotaka kufidia: uji wa sukari nyingi, chipsi, juisi za paketi, mpaka jirani aseme "sasa kawa bonge!" Mwili uliojifunza kubana matumizi ukinenepeshwa haraka hivyo, hatari ya presha na kisukari huongezeka.

Kwa mjamzito: wapo wanaopunguza kula makusudi ili mtoto awe mdogo na uchungu uwe mwepesi. Tafadhali, usifanye hivyo. Malaria nayo hujificha kwenye kondo na kumnyima mtoto chakula, ndiyo maana dawa ya SP hutolewa kliniki kuanzia wiki ya 13, walau mara tatu. Upungufu wa damu, presha ya mimba na sigara nazo zimo.

Na mtoto aliyezaliwa mdogo apimwe presha akiwa bado mtoto, asisubiri kuumwa kichwa. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2017 unataka kila mtoto apimwe walau mara moja kwa mwaka kuanzia miaka 3, na waliozaliwa wadogo sana hata kabla ya hapo. Mwangalie muuguzi anachofunga mkononi: mkanda wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba huonyesha presha ya chini kuliko ilivyo. Omba mkanda wa mtoto. Na kadi ya kliniki njoo nayo, hata kama imechakaa na kuliwa pembe na panya.