Je, wajua kwa nini santuri ya kwanza huweza kumfanya mtu mwanamuziki?

Waulize wanamuziki wakongwe walianzaje, na wachache watakutajia chuo cha muziki. Wengi watakutajia santuri: ya mjomba, ya jirani mwenye gramafoni, au ile waliyodunduliza senti wakainunua wenyewe. Kwa nini kisahani kile kilifundisha kuliko bendi iliyokuwa ikipiga laivu mtaa wa pili?

Sababu ya kwanza ni kwamba bendi haikusubiri. Mpiga solo akishapita pale palipokukuna, ndiyo basi mpaka Jumamosi ijayo, na Jumamosi hiyo atapapiga vingine. Santuri haibadilishi neno. Unarudisha sindano nyuma kidogo, unasikiliza tena, unatafuta noti moja kwenye gitaa, unaikosa, unarudisha tena. Santuri za zamani, za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu tu kila upande. Nyumba yenye santuri nne ilizisikia hizo hizo nne mwaka mzima, hadi watoto wakajua hata mikwaruzo yake.

Kisha palikuwa na ujanja wa spidi. Gramafoni ya kutia ufunguo ina kidude cha kurekebisha mwendo. Ukiupunguza, noti zilizokuwa zikikimbia zinaanza kutembea, ila sauti nayo inazama. Zilipokuja santuri kubwa za mizunguko 33 na theluthi, mashine nyingi zilikuwa pia na mwendo wa 16 na theluthi mbili. Hiyo ni nusu kamili, kwa hiyo sauti inashuka oktava moja barabara, yaani noti ni zile zile ila nzito zaidi, na ufunguo wa wimbo unabaki ule ule. Mpiga gitaa hana haja ya kulegeza nyuzi. Anafuata noti moja moja, akishazishika anarudisha mwendo wa kawaida na kuanza kukimbizana na mwenyewe aliyerekodi.

Mfano mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa Kongo. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilileta Afrika santuri zilizoandikwa herufi GV, nyingi zikiwa muziki wa Kuba. Mwishowe zilipita 200. Miongoni mwa za mwanzo ulikuwamo “El Manisero”, uliorekodiwa New York mwaka 1930 na okestra ya Don Azpiazu. Vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, waliusikia muziki huo kama wa nyumbani, na hawakukosea: miongoni mwa waliopelekwa Kuba utumwani walikuwamo wengi wa kutoka pande hizo za Kongo.

Basi wakaanza kukopi. Hawakuwa na piano, hivyo sehemu ya piano ikahamia kwenye gitaa. Kihispania hawakukijua, wakaimba maneno yanayofanana nacho kwa sauti tu. Hapo ndipo utamu ulipo: santuri inakupa sauti bila kukuonyesha vidole vya aliyepiga, kwa hiyo lazima ubuni namna yako ya kuitoa. Mengi tunayoyaita mtindo wa rumba ya Kongo yalizaliwa katika kubuni huko. Franco, mpiga gitaa mashuhuri wa Kongo aliyezaliwa mwaka 1938, alianzia kwenye gitaa la kujitengenezea la kopo na nyaya, akilipiga sokoni kwenye meza ya mama yake aliyekuwa akiuza maandazi. Mwaka 1956 alikuwa mmoja wa walioanzisha bendi ya OK Jazz. Santuri peke yake isingetosha, bila shaka. Naye alikuwa na mpiga gitaa Dewayon wa kumwonyesha njia.

Santuri hizo hizo za Kuba zilifika Morogoro. Mwanamuziki wa huko, Salum Abdallah, alizipenda mno, na husimuliwa kwamba alitoroka kwao akitaka kwenda Kuba, akaishia Mombasa. Bendi yake akaiita Cuban Marimba, na hadi alipofariki mwaka 1965 ilikuwa imewapa Watanganyika nyimbo za Kiswahili zenye mwendo wa Havana.

Kutoka Katanga, kusini mwa Kongo, ikaja santuri ya namna nyingine. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, leo Likasi, akiimba Kiswahili peke yake na gitaa. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinachezea nyuzi nyembamba juu yake, na asiyejua anaweza kuapa kwamba wanaopiga ni wawili. Santuri zake zilifika Kenya na kuwatesa wapiga gitaa wa huko: utakopije watu wawili kwa mkono mmoja? Waliofaulu walijikuta tayari ni wapigaji.

Mwaka 1948 lebo ya Ngoma ilianza kurekodi Léopoldville, na baada ya muda santuri za kutoka Kongo zikawa ndizo za kwanza kwa vijana wa Dar es Salaam na Nairobi. Kufikia miaka ya 1960, bendi za huku zilikuwa zikikopi nyimbo za Kilingala neno kwa neno, waimbaji wengi wakiwa hawajui wanachosema.