Je, wajua kwa nini mume na mke wanaoishi kwenye boti ya tanga hawalali pamoja wakiwa safarini?

Ukivuka daraja la Kilifi mchana, tazama chini kwenye hori. Utaona boti nyeupe zenye mlingoti mmoja zimetulia kwenye nanga, taulo zimeanikwa kwenye kamba za ukingoni, paneli ya sola imefungwa kule tezini, yaani nyuma. Baadhi ya hizo ni nyumba za watu. Mara nyingi ni mume na mke waliouza au kupangisha nyumba yao Ulaya, Afrika Kusini au kwingineko, wakahamia ndani ya chombo cha mita 10 au 12, kisha wakasukumwa na kusi kutoka Madagaska, Mayotte au Shelisheli hadi pwani yetu.

Watu huwauliza maswali yaleyale. Maji mnatoa wapi? Kwenye tangi la lita 300 au 400. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari, vinasuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji matamu, na mvua ikinyesha turubai linakinga. Mnapikaje chombo kikiyumba? Jiko la gesi limening'inizwa kwa bawaba, linabembea, sufuria inabaki wima. Hamgombani? Wanagombana kama wengine, ila hapo hakuna wa kubamiza mlango akaenda kwa dada yake.

Swali tamu zaidi ni lile ambalo wengi hawaliulizi. Kutoka visiwa vya Kanari hadi Karibi ni takriban maili 2,700 za baharini (maili zote humu ni hizo, moja ni kama mita 1,850). Boti ya ukubwa huo, upepo ukiwa mzuri, huenda maili 5 au 6 kwa saa, yaani maili 120 hadi 140 kwa usiku na mchana. Hizo ni kama wiki tatu. Katikati ya bahari kina ni maelfu ya mita, hakuna pa kutia nanga wala pa kuegesha. Basi usiku ukiingia, kati ya hao wawili nani analala?

Jibu ni kwamba mmoja analala na mwenzake anakesha, kisha wanabadilishana, kila siku, mpaka wafike. Ukiyaangalia maisha yao kwa karibu utaona kwamba kinachoadimika humo kuliko nafasi, umeme au hata maji ni usingizi. Saa ya kula, mahali pa kulala, tanga lipunguzwe lini, nani apike: yote hupangwa kuuzunguka.

Mtu anaweza kudhani mmoja lazima akeshe kwa sababu ya kushika usukani. Hapana. Boti za safari ndefu hujiongoza zenyewe. Nyingi zina bawa dogo limesimama tezini kama bendera ya mbao, linafuata upepo. Chombo kikipotoka, upepo unalilaza bawa upande mmoja, nalo linavuta kamba zinazorudisha usukani. Halili umeme, halilalamiki, na linashika njia kuliko binadamu aliyechoka. Wengine wana mtambo wa umeme unaofuata dira. Ila bawa halina macho. Upepo ukigeuka, nalo linageuka pamoja na boti nzima bila kuuliza huko mbele kuna mwamba au hakuna. Na mtambo wa umeme utaipeleka boti moja kwa moja hadi ubavuni mwa meli ya makontena, huku ukiwa umeshika njia yake barabara kabisa.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Kanuni ya 5 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, za mwaka 1972, inataka kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia na kusikiliza wakati wote. Haikusema isipokuwa boti ndogo, wala isipokuwa wanandoa.

Hesabu yenyewe inatisha kidogo. Mtu aliyekaa kwenye boti, macho yake yakiwa kama mita 2 juu ya maji, upeo wake wa macho uko karibu maili 3 tu. Meli kubwa ni ndefu kwenda juu, kwa hiyo huonekana kabla ya hapo; taa ya mlingoti ya meli ya mita 50 au zaidi inatakiwa ionekane kutoka angalau maili 6. Sasa meli inakuja kwa mwendo wa maili 18 kwa saa, nanyi mnaiendea kwa maili 5. Mnakaribiana kwa maili 23 kila saa. Zile maili 6 zinakwisha kwa takriban robo saa. Kutoka taa ndogo isiyo na maana kwenye upeo hadi ukuta wa chuma juu ya kichwa chako: robo saa. Ndiyo maana mwenye zamu huweka kengele ya jikoni ilie kila baada ya dakika 10 au 12. Ikilia anasimama, anazungusha macho pande zote, nyuma pia, halafu anairudisha. Hata kama hakusinzia, kengele inabaki, maana kusinzia hakubishi hodi.

Usitegemee kwamba meli itakuona. Boti nyingi ni za faiba, na faiba hairudishi vizuri mawimbi ya rada, hasa bahari ikiwa imechafuka. Kuna mtambo wa redio unaotangaza jina la chombo, mahali kilipo na kinakoelekea. Kwa safari za kimataifa meli za tani 300 na zaidi zinalazimika kuwa nao, na boti nyingi za tanga siku hizi zinao pia, kwa hiyo kiooni unaiona meli kabla ya kuiona kwa macho. Msaada mkubwa. Lakini njoo nao karibu na pwani yetu usiku, umbali ambao ngalawa na mashua za wavuvi zinafika, uone unachoambulia. Mvuvi aliye na tochi moja, na anaiwasha akisikia kitu tu, hatangazwi na mtambo wowote. Wageni wanaokaribia ufuko huo usiku huongeza macho, hawapunguzi.

Sasa ratiba. Mpango unaopendwa na wengi ni wa saa tatu tatu. Wa kwanza anashika saa 1 jioni hadi saa 4 usiku. Wa pili saa 4 hadi saa 7. Wa kwanza tena saa 7 hadi saa 10. Wa pili anamalizia saa 10 hadi saa 1 asubuhi. Kwa karatasi kila mmoja amepata saa sita za kulala. Kwa kweli ni vipande viwili, na kila kipande kinaliwa pembeni: kuvua koti la mvua, kusubiri usingizi uje, kuamshwa mapema kidogo uvae na unywe chai. Zamu ya saa 7 hadi saa 10 usiku ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa mwili wa binadamu wakati huo umeamua kulala na hauna nia ya kujadiliana. Wapo wanandoa wanaobadilishana zamu hiyo kila siku ili kila mtu aonje. Wengine wanaigawa moja kwa moja: anayependa kukesha anachukua, mpenda alfajiri anapata mapambazuko. Naona hawa wa pili wana akili zaidi, kwa sababu mwili unazoea saa isiyobadilika.

Usiku tatu za mwanzo ndizo za mateso. Mwili bado uko nchi kavu, tumbo linavurugika, na kila mlio wa kamba unaonekana kama kitu kimekatika. Baada ya hapo wengi huanguka usingizini dakika tu wakigusa mto, na wanajifunza kulala mchana bila kuona haya.

Kitanda nacho kina habari yake. Kitanda cha watu wawili kwenye boti nyingi kiko mbele kabisa, omoni. Kwenye nanga ni pazuri. Safarini omo inapanda wimbi na kushuka, mwenye kulala ananyanyuliwa na kubwagwa usiku kucha. Kwa hiyo wanahamia katikati ya chombo, karibu na mlingoti, ambako mtikisiko ni mdogo. Huko wanalala kwenye benchi jembamba, upana wa mabega tu, na wembamba huo ni wa makusudi: ukiwa na nafasi ya kugeuka utaviringishwa. Ubavuni kuna kitambaa cha turubai kilichofungwa juu kwa kamba mbili, kinamzuia aliyelala asiangukie sakafuni boti ikilala upande. Kwa kawaida benchi zuri la namna hiyo ni moja, lile la upande ambao boti imelalia. Anayeamka analiacha na joto lake, mwenzake anaingia. Kwa hiyo kitanda ni kimoja kweli, ila ni kwa zamu.

Kukutana kwao kunakuwa kama kwa walinzi wawili wa geti moja: dakika chache za makabidhiano. Yanayosemwa ni machache na yako kwa mpangilio. Upepo umekaa wapi. Tanga limepunguzwa mara ngapi. Kuna meli moja nyuma kulia, inatupita, isikutie wasiwasi. Birika lina maji ya moto. Mambo hayo yanaandikwa pia kwenye daftari la safari, kwani mtu aliyeamshwa saa 7 usiku anaweza kuitikia "ndiyo" tatu na asikumbuke hata moja. Taa ya ndani inayowashwa ni nyekundu na hafifu. Jicho linahitaji kama nusu saa kulizoea giza, na taa nyeupe moja ya simu inaifuta kazi yote hiyo kwa sekunde.

Kuna sharti moja ambalo wanandoa wengi hawalichezei: mwenzako akiwa amelala, hutoki kwenye sehemu ya usukani kwenda mbele. Kukiwa na jambo omoni, unamwamsha kwanza. Na hata ukikaa pale pale, unavaa mkanda wa kifuani wenye kamba fupi iliyokulabiwa kwenye boti. Sababu ni hesabu tena. Kwa mwendo wa maili 5 kwa saa boti inasonga karibu mita 150 kila dakika, na lile bawa la tezini halijui kwamba mtu ameanguka. Ukidondoka mwanzoni mwa zamu, mwenzako akaamka baada ya saa tatu kuja kukupokea, wewe uko maili 15 nyuma, gizani. Ndiyo maana pia watu hawa hupunguza tanga kabla jua halijazama hata kama upepo haujaongezeka. Wanapoteza mwendo kidogo, wananunua usingizi wa mmoja wao. Kumwamsha mwenzako kwa kitu kidogo hakununiwi. Kutomwamsha ndiko kunakozua ugomvi.

Je, hakuna namna ya kusimama mkapumzika wote? Iko, na ni ya zamani. Tanga la mbele linageuziwa upepo upande usio wake, usukani unafungwa kuelekea upande wa pili. Tanga linasukuma huku, usukani kule, na boti inatulia, inaelea polepole pengine maili moja kwa saa. Lin na Larry Pardey, mke Mmarekani na mume Mkanada, walikuwa watetezi wakubwa wa mbinu hii. Boti yao Seraffyn, waliyoijenga wenyewe na kuishusha majini mwaka 1968, ilikuwa na urefu wa mita 7.4 na haikuwa na injini kabisa. Walizunguka nayo dunia kwa miaka 11. Dhoruba ikizidi, au uchovu ukizidi, walisimamisha boti namna hiyo wakapika na kupumzika. Hata hivyo Kanuni ya 5 haiondoki. Boti iliyosimama inagongwa vilevile.

Wakifika na kutia nanga, kitanda cha mbele kinarudi kazini, na usiku wa kwanza hulala kama mawe. Usiku wa pili sikio moja linarudi kwenye mnyororo. Nanga haishiki kwa uzito wake tu. Inashika kwa sababu mnyororo mrefu unaivuta ikiwa imelala chini, kwa hiyo unaachia kama mara tano ya kina. Na kina si kile unachokiona ukifika. Kwenye pwani yetu bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupandisha maji zaidi ya mita 3. Ukitia nanga kwenye mita 8 maji yakiwa yamekupwa, ongeza 3 za kujaa na 1 ya urefu wa omo juu ya maji, unapata 12, mara tano ni mita 60 za mnyororo. Aliyehesabu kwa 8 pekee ameachia 40, na saa 9 usiku maji yakijaa nanga inaanza kuburura. Wanaweka simu iwapigie kengele boti ikitoka nje ya duara fulani. Inalia pia upepo ukigeuka tu, basi mmoja anatoka na tochi kuhakikisha, na kwa kawaida ni yuleyule kila mara.

Dawa iliyo wazi ni mtu wa tatu. Mkiwa watatu, kila mmoja anakesha saa tatu na kulala sita mfululizo, na baadhi ya kampuni za bima hulitaka hilo kwa safari za kuvuka bahari. Lakini mtu wa tatu anakunywa maji, anakula, analala kwenye lile benchi moja zuri, na kwa wiki tatu hakuna neno ambalo mume na mke wataambiana asilisikie. Bima ikiruhusu, wengi huona heri uchovu.