Droo si sare: maneno mawili ya kriketi tunayoyachanganya

Jioni ya siku ya nne, uwanja wa Grace Road, Leicester. Nimekaa na wazee ambao wamekuwa wakija hapa miaka na miaka. Mmoja alizaliwa Kisumu, mwingine Jinja, na familia yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Wanabishana kwa Kigujarati, Kiingereza na Kiswahili, wakirukia lugha yoyote inayowahi mdomoni. Mzee wa Kisumu anasema timu yetu iliharibu mechi tangu siku ya pili, kwa kupiga kizembe. Mzee wa Jinja anasema hapana, lawama ni za warushaji waliowaachia wageni mikimbio, yaani pointi za kriketi, kama maji. Leicestershire, timu yetu, wamebakiwa na wiketi mbili, yaani wakitolewa wapigaji wawili zaidi wamekwisha. Lengo la mikimbio ya kushinda wameshalisahau, liko mbali mno. Zimebaki ova kumi na moja, kila ova mipira sita, na kila mpira unaozuiliwa unapigiwa makofi.

Mpwa wangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Nakuru, akaniinamia: “Mjomba, mbona wazee wanatetemeka hivi? Si watatoka sare tu?”

Simlaumu. Watangazaji wetu husema hivyohivyo, na kurasa za michezo huandika hivyohivyo: mechi fulani ya kriketi “iliisha kwa sare”. Nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba sasa nalazimika kulieleza.

Maana yenyewe ni fupi. Kriketi ndefu, ile ya siku nne au tano, ina matokeo mawili yasiyo na mshindi, nayo hayafanani. La kwanza ni mechi iliyoishiwa muda kabla ya kuamuliwa. Waingereza huiita “draw”. La pili ni mechi iliyochezwa hadi mwisho wake kabisa, upande unaopiga mwisho ukatolewa wote, na hesabu ya mikimbio ikakutwa imelingana. Hiyo huiita “tie”. Kiswahili chetu cha michezo kimeyatia yote mawili kwenye kapu moja la “sare”. Tatizo ni kwamba neno hilo linalifaa lile la pili, ambalo hutokea kwa nadra sana, na halilifai hata kidogo lile la kwanza, ambalo mashabiki wa kaunti huliona kila msimu.

(Kaunti, kwa faida ya wasomaji wa Kenya, hapa si zile 47 zenye gavana na bunge. Ni klabu 18 zinazobeba majina ya majimbo ya zamani ya Uingereza, na Glamorgan ya Wales ikiwa mojawapo. Middlesex ilifutwa kama eneo la utawala mwaka 1965 lakini klabu yake bado inacheza pale Lord's, uwanja wa London. Neno lenyewe limetoka Kilatini, “comes”, yaani mwenzi au mwandani wa mtawala. Kupitia Kifaransa likawa eneo la mkuu huyo, ndipo likafika kwa Waingereza, na kutoka kwao likaja kwetu.)

Sasa tulitazame neno “sare”. Kiini chake ni kufanana. Watoto wa shule huvaa sare. Dada wawili wakienda harusini na kitenge kimoja, huambiwa “sare sare maua”. Katika kandanda neno hili linakaa vizuri kabisa: dakika tisini zimekwisha, huku bao moja, kule bao moja, wamefanana. Wenzetu wa Tanzania wameongeza ustadi juu ya hapo. Magazeti yao husema “sare” kukiwa na mabao, na bila kwa bila husema “suluhu”. Suluhu imetoka katika Kiarabu, na maana yake ni amani baina ya waliogombana. Napenda sana upambanuzi huo, kwa sababu unaonyesha kwamba lugha yetu haina uvivu wa kutenganisha mambo pale watumiaji wake wanapoujali mchezo.

Lakini nenda Grace Road jioni ile uangalie ubao. Wageni wako mbele kwa mikimbio zaidi ya mia mbili. Nani amefanana na nani? Wametuzidi kwa siku nne mfululizo. Kinachotuokoa ni kwamba kriketi ya kaunti haitoi ushindi kwa kuongoza tu. Kila upande una zamu mbili za kupiga, siku nne zina ova 96 kila moja, na anayeongoza hawezi kushinda mpaka awatoe wapigaji kumi katika zamu ya mwisho ya mpinzani (wa kumi na moja hawezi kupiga bila mwenzake). Akiwatoa tisa jua likazama, hana ushindi. Uongozi wake wote, hata ungekuwa wa mikimbio mia nne, unayeyuka.

Ndiyo maana wazee walikuwa wanatetemeka. Hawakuwa wakingoja kulingana na mtu. Walikuwa wakingoja kunusurika.

Suluhu nayo haitoshi, ingawa inakaribia. Kuna jioni ambazo manahodha wawili huona hakuna tena wa kumtoa mwenzake wala wa kufikia lengo, wakapeana mikono saa moja kabla ya muda, kila mtu akaenda zake. Hiyo ningekubali iitwe suluhu. Ile ya wapigaji wawili wa mwisho kuzingirwa na watu wanane hatua tatu kutoka kwenye gongo, mpira baada ya mpira, haina amani yoyote ndani yake.

Neno linalofaa tunalo tayari, na tunalo barazani. Ni droo. Kiswahili kimelichukua “draw” la Kiingereza, ambalo asili yake ni kuvuta, na kulitumia kwa mambo matatu. Droo ya meza, kupitia “drawer”, kwa sababu inavutwa. Droo ya bahati nasibu au ya makundi ya kombe, kwa sababu majina yanavutwa chunguni. Na droo ya mchezo, ile ya “ngoma droo”. Katika kriketi kuvuta huko kupo hata kwa macho: siku ikiisha waamuzi hung'oa ardhini nguzo zile ambazo mpigaji huzilinda, na Waingereza hutumia neno hilohilo, nguzo “zimevutwa”.

Aliyecheza drafti chini ya mwembe anaijua ngoma droo. Mmoja amebaki na kingi mbili, mwenzake ana kingi moja iliyoshikilia mstari mrefu, inakwenda na kurudi. Wanafukuzana mpaka watazamaji wanachoka. Hakuna anayesema kete zimelingana. Mbili si moja. Wanasema ngoma droo, maana yake mchezo umekataa kwisha. Hiyo ndiyo droo ya kriketi, na sioni kwa nini tulitupe neno hilo na kuazima la kandanda.

Mfano mkubwa kuliko yote ulitokea Afrika. Machi 1939 Afrika Kusini na Uingereza zilikutana Durban katika mechi isiyo na kikomo cha muda. Ilikubaliwa wacheze mpaka mshindi apatikane. Wakaanza tarehe 3. Tarehe 14 Waingereza walikuwa wakifukuza lengo la mikimbio 696, wamefika 654 na wametolewa watano tu. Zilibaki 42. Mvua ikanyesha, na timu ilipaswa kupanda treni kwenda Cape Town kuiwahi meli ya kurudi kwao. Mechi ikaachwa hapo, ikaandikwa droo. Mwandishi akisema timu hizo “zilitoka sare”, msomaji wa Kiswahili atadhani zilikuwa 654 kwa 654, nusu ya kisa itakuwa imepotea, na meli nzima imezama.

Upande wa pili kuna mechi ya kaunti pale Cheltenham, Uingereza, Julai 2024, Gloucestershire dhidi ya Glamorgan. Glamorgan walihitaji 593 katika zamu ya mwisho, lengo ambalo hakuna timu iliyowahi kulifikia katika kriketi ya daraja la kwanza popote duniani. Wakafika 592. Ukabaki mpira mmoja, mkimbio mmoja, wiketi moja. Mlinda wiketi wa Gloucestershire, yule anayesimama nyuma ya nguzo kudaka, James Bracey, ambaye alikuwa amepiga mikimbio 204 bila kutolewa katika mechi hiyohiyo, alikuwa amevua glavu ya mkono mmoja ili awe tayari kurusha kwenye nguzo. Mpira ukagusa ukingo wa gongo la Jamie McIlroy, mpigaji wa mwisho wa Glamorgan, Bracey akaruka na kuudaka kwa mkono ule usio na glavu. Jumlisha mwenyewe: Gloucestershire 179 na 610, Glamorgan 197 na 592. Ni 789 kwa 789. Hiyo ndiyo sare. Kila aliyepaswa kutolewa ametolewa, mpira wa mwisho umerushwa, mizani imekaa sawasawa.

Na hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie nami kidogo. Fikiria McIlroy angeukosa mpira ule, ukapita nyuma salama, asikimbie. Mikimbio ingekuwa ileile, 789 kwa 789. Lakini Glamorgan wangekuwa bado na mpigaji uwanjani, zamu yao haijakwisha, muda umekwisha. Matokeo yangeandikwa droo, si sare.

Si kisa cha kubuni tu. Bulawayo, Desemba 1996, Zimbabwe walipata 376 na 234. Uingereza wakapata 406 na 204. Pande zote 610. Kwenye mpira wa mwisho Uingereza walihitaji mikimbio mitatu, Nick Knight akakimbia miwili na kutolewa akiutafuta wa tatu. Alikuwa wa sita kutolewa, walibaki wanne. Kwa hiyo hata mikimbio ilipolingana, mechi ilikuwa droo. Kwa mechi za kimataifa za siku tano, sare ya kweli imetokea mara mbili tu: Brisbane 1960, Australia na West Indies, kisha Madras 1986, Australia na India. Droo zimejaa mamia. Ukiziita zote sare, utashindwa kumweleza mtoto kwa nini Brisbane inakumbukwa.

Nadhani najua kosa letu lilikotoka. Kriketi tuliyoipenda Afrika Mashariki ni ya siku moja. Ndiyo tuliyoiona Kenya ikiiangusha West Indies pale Pune mwaka 1996, ikiwatoa wote kwa 93, na ndiyo iliyotupeleka nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003. Katika kriketi hiyo droo haipo. Ova zikiisha zimeisha kwa wote, kuna kushinda, kushindwa, kulingana, au mvua kuifuta mechi. Fainali ya 2019 pale Lord's Uingereza na New Zealand walifika 241 kwa 241, na hapo “sare” ilikuwa neno sahihi kabisa. Tukalizoea, kisha tukalibeba mpaka kwenye mechi za siku nne ambako halina kazi.

Jedwali la pointi nalo haliwasaidii wanaojifunza. Katika ligi ya kaunti droo sasa inatoa pointi 8, na sare inatoa 8 vilevile. Mwaka 2023 droo ilishushwa hadi 5 ili timu zithubutu zaidi, mwaka uliofuata ikarudishwa. Anayesoma jedwali peke yake ataona namba moja na kudhani ni kitu kimoja.

Shabiki wa Leicestershire hawezi kudhani hivyo. Timu hii ilikaa siku 992 bila kushinda mechi hata moja ya ligi hiyo, tangu Septemba 2012 hadi Juni 2015 ilipoifunga Essex pale Chelmsford. Misimu miwili mizima, 2013 na 2014, bila ushindi. Waliokaa kwenye viti hivi miaka ile walijifunza kuipenda droo kama mtu aliyevushwa mto uliofurika. Mzee wa Jinja anazikumbuka hadi leo, nani alizuia mipira mingapi na dhidi ya mrushaji gani.

Jioni ile tuliokoka. Ova ya mwisho mpigaji wetu wa kumi na moja alizuia mipira yote sita, waamuzi wakang'oa nguzo, na mzee wa Kisumu, aliyekuwa akiwatukana wapigaji wetu tangu asubuhi, alisimama na kuvua kofia.

Mpwa wangu akauliza tena, kwa upole, aandike nini kwa wenzake wa Nakuru. Nikamwambia aandike kwamba Leicestershire wamenusurika, ngoma droo. Sare aiweke akiba, iko siku ataihitaji.