Maneno ya getini: kazi ya kiwandani inavyosimuliwa Lubumbashi

Nilipoanza kubeba mifuko katika kiwanda cha unga hapa Lubumbashi, Kongo, shefu hakunifundisha kitu. Walionifundisha ni wazee tuliosubiri nao getini alfajiri, na nusu ya maneno yao hayakuwa kweli.

Kwanza maziwa. "Kunywa, mutoto, itaosha kifua," papa mmoja, yaani mzee, aliniambia huku akinipa kipakiti chake. Imani hiyo utaikuta pia kwa wachomeleaji na wachimbaji. Lakini maziwa yanashuka tumboni, vumbi limekwenda mapafuni, na maziwa hayafiki huko. Unga nao, ingawa ni chakula, ukivutwa kila siku unaweza kuleta pumu. Dalili moja ni kifua kinachobana siku za kazi na kupata nafuu siku za mapumziko. Kinga ni barakoa iliyokaa vizuri usoni na mashine ya kufyonza vumbi. Ufagio mkavu unalirudisha hewani. Maziwa tuliyapenda kwa sababu ya njaa, tuseme ukweli.

"Masikio yatazoea kelele." Hayazoei, yanakufa polepole. Vinywele vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikiharibika haviponi. Ukilazimika kupaza sauti ili akusikie mtu aliye umbali wa mkono, kelele imeshafika kama desibeli 85, na hapo sikio linahitaji kinga. Papa yule wa maziwa, redio yake tuliisikia kutoka lupango (kiwanja) ya tatu.

"Kampuni kubwa njo (ndiyo) baba, njo mama." Neno hili lilikuwa na msingi wake. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, na baadaye Gécamines, baada ya serikali kutaifisha mwaka 1967, zilitoa nyumba, posho ya unga, hospitali na shule. Lakini mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, wengi wakidai mishahara ya miezi mingi. Hiari gani hiyo, sijui. Wazazi bado wanasukuma watoto wao kwenye mageti makubwa kana kwamba posho ingali inagawiwa.

Linalouma zaidi ni hili: "Wewe ni wa siku kwa siku, huna kontra (mkataba), huna haki." Kanuni ya Kazi ya 2002 inasema vingine. Aliyeajiriwa siku kwa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na kikomo. Hata kontra isiyoandikwa inachukuliwa hivyo mpaka ithibitishwe vingine. Shida ni kuthibitisha siku zenyewe. Basi nilinunua daftari dogo: tarehe, saa ya kuingia, jina la kiongozi wa zamu, idadi ya mifuko. Wenzangu walinicheka, wakaniita karani.

Jioni ya siku ya 21 tulikuwa tunavua mabuti. Msimamizi akanigusa bega.

"Pumzika kidogo, ndugu. Tutakuita."

Kumbe naye alikuwa na daftari lake.