DNA ya mitokondria, na kwa nini kipunji wa Rungwe alisomeka kama nyani

Mitokondria ni vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati. Vina DNA yake, duara dogo la herufi takribani 16,500, mbali na ile iliyo ndani ya kiini cha seli. Mnyama hurithi duara hilo kwa mama. Ukilisoma, unafuata mstari mmoja tu: mama, bibi, mama wa bibi.

Watafiti hulipenda kwa wingi wake. Seli moja hubeba nakala mamia hadi maelfu, ilhali jeni ya kiini kwa kawaida ina nakala mbili. Ndiyo maana hata kinyesi kilichookotwa chini ya mti hutosha. Chukua kipande cha ukubwa wa punje ya harage, kikiwa kibichi, kutoka ngozi ya nje ya bonge ambako seli za utumbo hunata, ukizamishe kwenye ethanoli ya asilimia 95. Mvua ikikutangulia, seli zimeshasuuzwa.

Maabara husoma mara nyingi jeni ya sitokromu b, herufi kama 1,140. Hapa pana mtego: vipande vya DNA ya mitokondria vilihamia kiini zamani, navyo vikisomwa kimakosa huvuruga mti wa ukoo. Ukikuta alama ya kusimamisha usomaji katikati ya jeni, shuku kwamba umesoma kipande cha kiini.

Mtego mkubwa zaidi tunao hapa nyumbani, Tanzania. Kipunji, tumbili wa misitu ya milimani, alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, akawekwa kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo Lophocebus. Mwaka 2006, baada ya mmoja kunaswa na mtego wa mkulima mlimani Rungwe, alipewa jenasi yake, Rungwecebus. Kisha DNA yake ya mitokondria ikaangukia katikati ya nyani, jirani na nyani wa manjano. Lakini umbo lake si la nyani, na anaishi juu mitini.

Jibu lilitoka msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka Rungwe. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba kipunji wa huko ana mitokondria ya pekee, iliyo kando ya tawi lote la nyani: ndugu wa nyani, si mmoja wao. Inaelekea zamani, upande wa Rungwe, nyani jike alizaa na kipunji dume. Mabinti wakaendelea kuzaa na vipunji, kizazi baada ya kizazi, hadi kiini kikawa karibu chote cha kipunji. Mitokondria ya yule bibi ikabaki vilevile, kwa sababu hakuna dume anayeweza kuibadilisha.