Usipige stata kwanza: kuifufua Porsche 911 SC iliyolala Malindi

Wenye magari haya wakinipigia simu husema yaleyale: "Fundi, njoo na betri, iwashe tu nisikie sauti." Gari limekaa miaka chini ya turubai huko Casuarina, mwenyewe huja msimu na kuondoka, na tangi lina petroli ya enzi hizo. Nikiweka betri nikapiga stata, kutu na maji ya tangi yataingia moja kwa moja kwenye sehemu ambayo bei yake inaweza kukununulia pikipiki. Kwa hiyo betri naiacha nyumbani. Siku ya kwanza naenda na ndoo, tochi na geji ya presha ya petroli.

911 SC, ya miaka ya 1978 hadi 1983, haina kabureta. Ina K-Jetronic ya Bosch, mtambo wa kunyunyizia petroli, na ukiacha zile za soko la Marekani zilizoongezewa vifaa vya umeme baadaye, hakuna kompyuta inayopima petroli. Vijana huzunguka gari na mashine zao wakitafuta pa kuchomeka waya, hawapaoni. Mtambo huu unanyunyiza petroli mfululizo, injini ikizunguka nozeli zote sita zinatoa. Hewa inayonyonywa inainua sahani ya chuma, sahani inasukuma mkono, mkono unapandisha pini nyembamba ndani ya distribyuta ya petroli (inayogawia nozeli petroli, si ile ya plagi). Pini ikipanda, petroli inaongezeka. Juu ya pini kuna petroli nyingine yenye presha ndogo inayoizuia isipande ovyo. Ukielewa hapo tu, umeshaelewa K-Jetronic nusu nzima.

Tangi la 911 liko mbele na linaingia kama lita 80. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie: maji yatakaa chini, petroli juu, na ikiwa imezeeka itanuka kama rangi ya mbao. Tangi lililoachwa nusu ndilo bovu zaidi, maana sehemu tupu inavuta unyevu wa bahari usiku na mchana, na wakati wa kusi chuma hakina pa kuikwepa chumvi. Toa geji ya tangi, mulika ndani. Kukiwa na kutu, tangi linashuka, hakuna mjadala. Badilisha filta, badilisha mipira yote. Presha ya mtambo huu ni kama bar 5, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi, na mpira uliopasuka utarusha petroli juu ya injini ya moto.

Kabla ya stata kuzunguka, naangalia pini. Imechongwa kwa kukaza sana, hivi kwamba tone la maji lililokaa miaka linatosha kuigandisha. Sasa betri ije: washa pampu kidogo ili presha ipande, izime, kisha inua sahani polepole kwa kidole. Unatakiwa kuhisi uzito mmoja, laini, kutoka chini hadi juu. Irudishe chini kwa haraka: isiwe na ubishi wowote. Ikikwama njiani, pini au mkono una kutu. Loweka kwa dawa ya kusafishia kabureta, subiri, rudia. Msasa usiuguse kabisa! Ukiikwaruza pini, umeshanunua distribyuta nzima.

Nozeli nazipima kwa chupa za soda. Zichomoe zote sita, kila moja itie kwenye chupa yake, inua sahani huku pampu ikifanya kazi. Viwango vikae sawa, na mnyunyizo uwe ukungu, usiwe mchirizi. Ukishusha sahani, nozeli isidondoshe hata tone. Kazi hii ifanyie nje, penye upepo, mbali na yule jirani anayechomelea mageti.

Sasa geji. Inafungwa kati ya distribyuta na rigyuleta ya joto, kifaa kidogo chenye ubamba unaojikunja kwa joto. Injini ikiwa baridi kinashusha ile presha iliyo juu ya pini ili mchanganyiko uwe mzito, kikipata moto kinaipandisha hadi kama bar 3 na nusu. Hapa ndipo mafundi wengi wanapotea. Wanachukua namba ya asubuhi ya Ulaya, wanaitafuta Malindi, hawaipati, kisha wanaanza kugonga rigyuleta kwa nyundo. Mchoro wa kiwandani unapanga presha kwa kufuata joto la hewa. Asubuhi yetu ni nyuzi ishirini na kitu, kwa hiyo presha ya "baridi" hapa lazima iwe juu kuliko ya Stuttgart. Soma mstari wa joto la siku hiyo.

Ikiwaka, sikiliza kama kuna hewa ya wizi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma taratibu. Ikiyumba, vizuri, mfumo umefungika. Isipojali, kuna hewa inayoingia mahali pengine bila kupita kwenye sahani. Na boksi la hewa la plastiki likague kwa tochi, mripuko mmoja wa kurudi nyuma wakati wa kuwasha unalipasua. Wengi huliwekea valvu ya kupumulia, nami nashauri hivyo.

Malalamiko yanayonifikia zaidi ni haya: gari linafika Watamu vizuri, mwenyewe anakunywa madafu nusu saa, akirudi haliwaki. Lawama inaenda kwa stata. Zima injini ya moto ukiwa na geji: presha ikianguka mara moja, petroli inageuka mvuke kwenye mabomba. Akyumuleta, kopo linalotunza presha ya petroli injini ikizimwa, imekufa, au valvu ya pampu haizuii petroli kurudi.

Kuna wanaochoka, wanang'oa kila kitu na kufunga kabureta za Weber. Ni njia halali, gari litakimbia, ila litakunywa zaidi na thamani itashuka. Ukinunua lililofanyiwa hivyo, muulize mwenyewe boksi la vifaa vya zamani liko wapi. Mara nyingi liko stoo, chini ya neti za mbu, na distribyuta iliyomo ndani inaweza kuwa nzima.